Mpinzani Mgumu Kuliko Wote Walioangushwa na Nebraska

Kila Jumamosi ya vuli, kuanzia Septemba mpaka theluji ya kwanza inapoanguka, sebule ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hugeuka nyekundu. Fulana nyekundu, kofia nyekundu, blanketi nyekundu magotini. Yuko mzee mmoja ambaye siku nyingine hunywa uji wake wa shayiri bila kutamka neno. Jumamosi huamka kabla ya zamu yangu kuanza, anataka anyolewe mapema, maana hawezi kuitazama Nebraska akiwa na ndevu za jana.

Nilipofika jimbo hili sikuelewa. Nimekulia Kilosa, mpira kwangu ulikuwa Simba na Yanga, na huu wa Kimarekani niliuona kama vurugu la watu wenye helmeti. Kilichonivuta kwanza ni jina. Timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska inaitwa Cornhuskers, yaani wamenya mahindi. Mimi nimemenya mahindi utotoni hadi vidole vikachubuka. Nikasema hawa nitawasikiliza.

Kusikiliza kukawa kujifunza. Nebraska haina timu ya kulipwa ya ligi kuu ya mpira huu, hivyo mapenzi yote ya jimbo zima yamemwagwa kwenye timu moja ya wanafunzi. Uwanja wao wa Memorial, pale Lincoln, ulifunguliwa mwaka 1923, na tangu Novemba 1962 haujachezwa mchezo wa nyumbani ambao tiketi zake hazikuisha. Ukijaa, watu zaidi ya 85,000, unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa jimboni baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Mkulima anaendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka magharibi mwa jimbo, anaangalia mechi, anarudi usiku huohuo kukamua ng'ombe.

Timu hii ina mataji matano ya taifa: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Hapo ndipo ubishi wa sebuleni kwetu unapoanzia. Katika wote ambao Nebraska imewahi kuwafunga, nani alikuwa mgumu kuliko wenzake?

Wabishi wakuu ni wawili. Mmoja ni huyo mzee wa ndevu, aliyekuwa mkulima. Mwingine ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kali. Mimi nawaita Mzee na Bibi, kwa Kiswahili, kwa sababu mdomo wangu umekataa kabisa kumwita mtu wa miaka themanini na kitu kwa jina lake la kwanza. Waliuliza maana yake, nikawaeleza, wakapenda. Siku hizi hata wao kwa wao wanaitana hivyo wakibishana.

Mzee anasema Oklahoma ya 1971. Bibi anasema Florida ya msimu wa 1995. Mimi, baada ya miaka kadhaa ya kuangalia mikanda ya zamani pamoja nao baada ya chakula cha jioni, nina jibu langu, na nitalitetea hapa kwa sababu pale sebuleni huwa nakatizwa na kengele za vyumbani.

Nianze na la Mzee, kwa sababu ni zito.

Alhamisi tarehe 25 Novemba 1971, Sikukuu ya Kushukuru, mjini Norman, Oklahoma. Nebraska ilikuwa namba moja nchini, Oklahoma namba mbili, na hakuna kati yao aliyekuwa amefungwa msimu huo. Waandishi waliuita Mchezo wa Karne hata kabla haujachezwa. Oklahoma walikuwa wakicheza mtindo unaoitwa wishbone, jina la ule mfupa wa kidari cha kuku wenye umbo la panda: mbele kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, nyuma yake wakimbiaji watatu. Mpira ukianza, kwotabeki wao Jack Mildren anaweza kumpa wa kwanza, au akaubakiza na kukimbia nao mwenyewe, au akamrushia wa pembeni, Greg Pruitt, ambaye ukimpa nafasi ya upana wa mlango hukumwona tena. Anaamua wakati miguu inakwenda, kwa kumtazama beki mmoja tu. Beki akimfuata huyu, mpira unakwenda kwa yule. Msimu huo Oklahoma walikimbia na mpira wastani wa yadi 472 kwa mchezo (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita), na hakuna timu ya chuo iliyofika hapo tangu wakati huo.

Mzee alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Anasema bata mzinga alipoa mezani bila kukatwa. Mapema tu, Oklahoma wakapiga mkwaju wa kuondosha mpira, Johnny Rodgers wa Nebraska akaudaka, akagongwa hapohapo, akashika ardhi kwa mkono, akajiokoa, akakimbia yadi 72 hadi mwisho. Nimeiona mara nyingi mbio ile na bado sielewi alipitaje katikati ya wale watatu wa kwanza. Nebraska wakaongoza 14 kwa 3, Oklahoma wakarudi, wakaenda mapumziko wakiwa mbele 17 kwa 14. Nebraska wakapanda tena hadi 28 kwa 17. Oklahoma wakarudi tena, 31 kwa 28, zikiwa zimebaki dakika kama saba.

Ndipo Nebraska wakachukua mpira kwenye yadi 26 ya upande wao na kuanza safari ya yadi 74, mpira ukianzishwa mara kumi na mbili, karibu zote za kusukumana kifua kwa kifua. Katikati ya safari hiyo walikwama: jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogea yadi kumi, na bado yadi nane zinahitajika. Jerry Tagge, kwotabeki wa Nebraska, akarusha pasi ya chini, Rodgers akapiga goti na kuiokota karibu na nyasi. Yadi kumi na moja. Baada ya hapo Jeff Kinney, jezi imechanika vipande, alibeba mpira na kubeba mpira mpaka akaingia, ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 38. Ilikuwa tachidauni yake ya nne siku hiyo, yaani mara ya nne kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, pointi sita kila mara. 35 kwa 31.

Upande wa ulinzi kulikuwa na Rich Glover, aliyesimama katikati kabisa ya ukuta na kuangusha watu mara 22. Pruitt, yule wa pembeni, alitoka na yadi 53 tu. Na jambo ambalo Mzee hulisema kwa heshima, kama mtu anayetaja jamaa mwema aliyefariki: mchezo mzima ulikuwa na adhabu moja tu, ya yadi tano. Watu walipigana kwa saa tatu na hakuna aliyemchezea mwenzake rafu.

Mwisho wa msimu, orodha ya timu bora inayopigiwa kura na waandishi kupitia shirika la habari la Associated Press ilisomeka hivi: wa kwanza Nebraska, wa pili Oklahoma, wa tatu Colorado. Wote watatu kutoka ligi moja, Big Eight. Na Colorado walikuwa wamefungwa mara mbili tu, na hao wawili waliokuwa juu yao. Wa nne alikuwa Alabama ya kocha Bear Bryant, ambao walikwenda Orange Bowl, mchezo wa mwaka mpya, bila kufungwa hata mchezo mmoja, Nebraska wakawapiga 38 kwa 6.

Kwa hiyo sibishani na Mzee kwamba Oklahoma ya 1971 ndiyo timu bora kuliko zote zilizowahi kufungwa na Nebraska. Naamini hivyo kabisa. Mimi nabisha juu ya neno moja: mgumu. Bora na mgumu ni maneno mawili. Nebraska waliingia Norman siku ile wakiwa mabingwa watetezi. Mwaka mmoja kabla, 1970, walikuwa wamewafunga Oklahoma haohao 28 kwa 21. Walimheshimu mwenzao, lakini walikuwa wanajua kwamba anafungika, kwa sababu walishamfunga.

Bibi naye ana hoja yake, na hoja yake ni ya mwalimu wa hesabu.

Florida ya 1995 ilikuwa 12 kwa 0, yaani ushindi kumi na mbili bila kipigo. Kocha Steve Spurrier, kwotabeki Danny Wuerffel, pasi zinaruka kama mishale, na nchi nzima ikisema enzi ya mpira wa kusukumana imekwisha, kwamba wakulima wa Nebraska watakimbizwa mpaka watapike. Tarehe 2 Januari 1996, Fiesta Bowl, Tempe, Arizona. Baada ya robo ya kwanza Florida walikuwa mbele 10 kwa 6. Robo ya pili Nebraska walipata pointi 29 na Florida sifuri. Mwisho: 62 kwa 24. Nebraska walikimbia yadi 524. Florida, ukijumlisha mbio zao zote na mara walizoangushwa nyuma, walipata hasi 28. Na ndani ya mchezo huo kuna ile mbio ya yadi 75 ya Tommie Frazier, kwotabeki wa Nebraska, ambapo mtu mmoja anashikwa na karibu nusu ya timu pinzani, wanamwacha mmojammoja kama magunia yanayodondoka kwenye lori, naye anaendelea.

Mimi nilimwambia Bibi: timu iliyofungwa kwa tofauti ya pointi 38 haiwezi kuwa mpinzani mgumu kuliko wote.

Akaniangalia juu ya miwani. "Ulitaka sisi tuwe wabaya ndipo wao wawe wazuri?"

Nilirudi nyumbani na swali lile. Ana haki. Florida hawakuwa vibonde. Mwaka uliofuata, wakiwa na kocha huyohuyo na Wuerffel huyohuyo, walichukua ubingwa wa taifa kwa kuwapiga Florida State, chuo kingine cha jimbo hilohilo, 52 kwa 20. Na Nebraska ya 1995 iliwatendea wengi hivyohivyo: walizifunga timu nne zilizomaliza msimu ndani ya kumi bora, na hakuna iliyowakaribia. Ukisema mpinzani ni mgumu pale tu alipokaribia kukufunga, unaiadhibu timu nzuri kwa bahati mbaya ya kukutana na wewe ukiwa kwenye kilele chako.

Ukibaki na kipimo hicho cha kukaribia kufungwa, itakubidi umpe taji Missouri ya 1997. Timu hiyo ilimaliza msimu na vipigo vitano. Lakini tarehe 8 Novemba 1997 waliwashika Nebraska, namba moja nchini, mpaka mpira wa mwisho wa muda wa kawaida, Missouri wakiwa mbele 38 kwa 31, na Nebraska wakaokoka tu kwa sababu pasi ilimponyoka Shevin Wiggins, akaupiga mpira kwa mguu akiwa anaanguka, ukapaa, na kijana wa mwaka wa kwanza, Matt Davison, akaupokea kabla haujagusa nyasi. Wakashinda 45 kwa 38 kwenye muda wa nyongeza. Ule ulikuwa mchezo mgumu. Hakuna hata mmoja sebuleni kwetu anayedai Missouri walikuwa mpinzani mgumu kuliko Oklahoma. Na miezi miwili baadaye Tennessee ya kwotabeki Peyton Manning, jina kubwa kuliko yote, ilipigwa 42 kwa 17 na sisi tukala popukoni.

Basi kipimo ni nini? Hapa namfuata baba yangu. Yeye ni Simba wa kufa na kuzikana, na hadithi yake kubwa ni Zamalek, mwaka 2003. Zamalek walikuwa mabingwa wa Afrika. Simba walishinda 1 kwa 0 Dar es Salaam, wakaenda Cairo, wakafungwa 1 kwa 0, ikaja mikwaju ya penalti, na Juma Kaseja akiwa golini Simba wakapita. Baba hajali Zamalek walikuwa na nyota wangapi. Akisimulia, anasimulia kelele za Cairo, na orodha ya timu za kwetu zilizokwenda Misri na kurudi kimya. Mtu mpime kwake, hupenda kusema. Mpime pale ulipozoea kushindwa.

Kwa kipimo hicho jibu langu ni moja: Miami, usiku wa tarehe 1 Januari 1995.

Ili uuelewe usiku ule inabidi ujue utaratibu wa zamani. Wakati ule hapakuwa na mchujo wa kumtafuta bingwa wa vyuo. Msimu ukiisha, mabingwa wa ligi walialikwa kwenye michezo ya mwaka mpya, kila ligi na mchezo wake, kisha waandishi na makocha wakapiga kura kusema nani namba moja. Bingwa wa Big Eight alikwenda Orange Bowl. Na Orange Bowl ilichezwa kwenye uwanja wa jina hilohilo, Miami, ambao ndio ulikuwa uwanja wa nyumbani wa Chuo Kikuu cha Miami. Fikiria hilo vizuri. Nebraska wakifanya kazi mwaka mzima kwenye baridi, wakishinda ligi yao, zawadi yao ilikuwa kusafirishwa hadi nyumbani kwa mtu, kwenye joto lake na nyasi zake, mbele ya watu wake.

Na mtu huyo alikuwa amewaumiza kuliko mtu yeyote.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 2 Januari 1984. Kocha Tom Osborne, aliyeshika timu tangu 1973, alikuwa na kikosi ambacho wengi walikiona bora kuliko vyote vilivyowahi kucheza: Turner Gill, Mike Rozier, Irving Fryar, wastani wa pointi 52 kwa mchezo, 12 kwa 0. Miami wakawatangulia. Nebraska wakafukuza hadi wakapata tachidauni zikiwa zimebaki sekunde 48, 31 kwa 30. Teke moja jepesi la pointi moja lingeleta sare, na kwa rekodi yao ile sare karibu hakika ingewapa ubingwa. Osborne alikataa. Aliona bingwa hapatikani kwa sare, akaenda kutafuta pointi mbili za ushindi. Gill akarusha, kidole cha beki Kenny Calhoun kikaugusa mpira, ukadondoka. Bibi alikuwa akisahihisha mitihani siku hiyo mbele ya televisheni. Anasema aliweka kalamu chini na hakuishika tena mpaka asubuhi.

Wakarudi uwanja uleule Januari 1989: Miami 23, Nebraska 3. Wakarudi Januari 1992: Miami 22, Nebraska sifuri. Kuanzia Januari 1988 hadi Januari 1994 Nebraska walipoteza michezo saba mfululizo ya mwaka mpya, mingi kwa Miami na majirani zao Florida State. Watu wa hapa wanaiongelea miaka ile kwa sauti ya chini. Ilikuwa imekubalika nchini, na mbaya zaidi imeanza kukubalika hapahapa Nebraska, kwamba vijana wa mashambani ni wakubwa na wana nidhamu lakini ni wazito, na kwamba wakikutana na kasi ya Florida wataonekana kama wanakimbia ndani ya matope.

Hapo ndipo ninapomwambia Mzee: Oklahoma walikulazimisha kucheza mchezo bora wa maisha yako. Miami walikulazimisha uwe timu nyingine. Osborne alivunja mpangilio wa ulinzi aliouzoea, akahamia ule wa wanne mbele na watatu nyuma yao, akaanza kuchagua kasi kwanza. Mtu aliyekuwa beki wa nyuma kabisa akasogezwa kuwa wa kati, wa kati akasogezwa mbele, kila mmoja akawa mwepesi kuliko aliyekuwepo kabla yake. Kwotabeki akamchukua kutoka hukohuko Florida, ndiye Tommie Frazier. Oklahoma ya 1971 hawakumfanya mtu wa Nebraska abadili chochote. Kwa Miami na majirani zao ilibidi nyumba ibomolewe na kujengwa upya, tena na fundi yuleyule aliyeijenga mara ya kwanza, jambo ambalo kwa mtu yeyote ni gumu.

Januari 1994 walikaribia. Dhidi ya Florida State waliongoza 16 kwa 15 ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 16, wakafungwa 18 kwa 16. Kiangazi chote kilichofuata, wachezaji walifanya mazoezi chini ya ubao wa uwanja wa Memorial ulioandikwa 1:16. Jua la Julai, vyuma, mbio, na namba ile inakutazama. Mimi hilo hunigusa kuliko takwimu zote nilizozitaja.

Kisha msimu wenyewe wa 1994 ukaja na majaribu yake. Frazier akapatikana na damu iliyoganda mguuni baada ya michezo minne. Akaingia Brook Berringer, kijana mpole wa Goodland, Kansas, naye mapafu yakamletea shida, mpaka kukawa na mchezo mmoja ulioanzwa na Matt Turman, kijana aliyekuwa kwenye timu bila hata ufadhili wa masomo. Bado wakafika Miami 12 kwa 0. Penn State nao hawakuwa wamefungwa, wako namba mbili, wanasubiri. Nebraska wakiteleza tu, taji linakwenda kwingine, na Osborne anaingia mwaka wa ishirini na tatu bila ubingwa.

Miami walikuwa na Warren Sapp katikati ya ukuta wao na kijana Ray Lewis nyuma yake. Anayefuatilia mpira huu anajua majina hayo yalikuja kuwa nini. Robo ya kwanza ikaisha 10 kwa 0. Mwanzo wa nusu ya pili ikawa 17 kwa 7. Mzee anasema alizima televisheni, mke wake akaiwasha. Ulinzi wa Nebraska ukamkamata kwotabeki wa Miami ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi mbili, 17 kwa 9. Robo ya nne inaanza, Miami wanakosea, mpira unampita mpiga mkwaju juu ya kichwa, Nebraska wanaupata yadi nne tu kutoka mstarini. Berringer anarusha. Unanaswa na Miami. Katika mkanda unaona benchi la Nebraska, hakuna anayepiga kelele, wamesimama tu.

Osborne akamrudisha Frazier, ambaye hakuwa amecheza mchezo tangu Septemba mpaka usiku ule.

Sasa kilichofuata nakipenda kwa sababu hakikuwa muujiza. Osborne alikuwa amewaambia vijana wake kwamba Miami watachoka robo ya nne, wakae kwenye mpango. Na mpango ulikuwa mchezo mmoja wa kizamani sana ambao Wamarekani wenyewe wanauita mtego. Unamwachia mlinzi mkubwa mlango wazi. Sapp, mwenye nguvu na hasira, anaingia kwa kasi akidhani amepenya. Mtu wa pembeni anatokea na kumgonga ubavuni, na yule mbeba mpira anapita palepale alipotoka Sapp. Ukali wa mtu ndio unafanywa njia. Mwanzo wa mchezo Sapp alikuwa na pumzi ya kugeuka na kumrudia. Dakika ya hamsini na mbili hakuwa nayo.

Mbeba mpira alikuwa fulubeki, yaani mkimbiaji wa nyuma ya kwotabeki, Cory Schlesinger. Anatoka Duncan, kijiji cha Nebraska chenye watu mia chache, nimepita hapo kwa gari na nusura nisikione. Mtego, yadi 15, amefika. Wakaenda kutafuta pointi mbili, uwanja uleule, jambo lilelile lililowaua mwaka 1984. Frazier akarusha, Eric Alford akadaka. 17 kwa 17. Wakarudishiwa mpira. Mtego tena, Schlesinger tena, yadi 14, zimebaki dakika 2 na sekunde 46. Nebraska 24, Miami 17.

Bibi ana pingamizi, na ni la kweli: Miami ya msimu ule haikuwa Miami iliyo bora kuliko zote. Washington walikuwa wameshaivunja Septemba, palepale Orange Bowl, na kukomesha mfululizo wa ushindi wa michezo 58 nyumbani. Walimaliza msimu namba sita. Anasema nimempa taji mzimu wa Miami, si Miami yenyewe.

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, hasa usiku, nikigeuza wagonjwa. Nadhani amenisaidia kuliko alivyokusudia. Waliovaa jezi ya Nebraska usiku ule walicheza na timu namba tatu nchini, na pamoja nayo walicheza na 1984, na 1989, na 1992, na kile ambacho baba zao walikuwa wameanza kukiamini juu yao. Oklahoma walikuwa na watu kumi na mmoja uwanjani. Anayebisha kwamba kumbukumbu haichezi mpira hajawahi kumwona mzee wa miaka themanini na nne akikunja ngumi kwa sababu ya pasi ya mwaka 1984.

Niongeze hili kuhusu Berringer, kwa kuwa huwezi kuusimulia msimu ule ukamwacha pale kwenye pasi iliyonaswa. Bila yeye Nebraska wasingefika Miami. Alikufa tarehe 18 Aprili 1996, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha ikaanguka, siku mbili kabla ya uchaguzi wa wachezaji wa kulipwa. Nje ya uwanja wa Memorial kuna sanamu yake akiwa amesimama na Osborne. Nilikwenda kuiona siku ambayo hapakuwa na mchezo. Mama mmoja alikuwa anamfuta vumbi begani kwa kitambaa chake, halafu akaondoka.

Mwezi uliopita nilimpigia baba simu nikamweleza ubishi wote huu, kuanzia mwanzo, kwa sababu aliniuliza hao wazee wangu hushinda wakifanya nini. Alisikiliza kwa subira. Akauliza yadi ni nini. Akauliza kwa nini Osborne hakupiga lile teke la sare, nikamweleza, akasema hapo alifanya vizuri. Nilipomaliza, akakaa kimya kidogo.

"Sasa hao Miami, baada ya kufungwa, walikutana tena?"

Nikamwambia ndiyo, baba. Januari 2002, Pasadena, mchezo wa kugombea ubingwa wa taifa. Miami 37, Nebraska 14.

"Eee," akasema. "Basi hao ndio wenyewe." Kisha akaniuliza kama baridi imeanza, na kama lile koti alilonipa mama bado linafaa.